Alasiri Niliyoambiwa Niliota

Shangazi yangu Modesta alikufa usingizini. Ndivyo alivyoniambia binamu yangu Stefano kwenye simu, kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema: mama alikunywa uji wake, akajilaza kidogo mchana, hakuamka tena. "Hakuteseka hata chembe, dada Apolonia. Kalala tu kama mtoto mchanga." Nilimpa pole, nikauliza mazishi ni lini, nikakata simu. Kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda changu hapa Morogoro nikiwa na hasira ambayo mwanamke wa umri wangu hapaswi kuwa nayo juu ya marehemu. Usingizi wa mchana! Katika vifo vyote vilivyopo duniani, yeye kapewa hicho. Mtu aliyekula, akavaa na kuezeka nyumba yake kwa usingizi wangu wa mchana, naye ameondoka kwa mlango uleule, bila bughudha, na watu wanamwonea wivu.

Nilipanda basi la Tabora kwa sababu asiyekwenda msibani husemwa, na mimi nimeshasemwa vya kutosha. Njia nzima nilijiambia kwamba nakwenda kumzika tu. Sitasimulia hapa nilizaliwa na nani wala kwa nini nililelewa kwa shangazi. Kila ukoo una mambo hayo na yanafanana. Nataka kusimulia mwaka mmoja, ule niliotakiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne na sikuufanya. Ndani ya mwaka huo kuna alasiri moja ambayo, mpaka wiki iliyopita, sikujua kama iliwahi kuwapo. Mtu akiibiwa walau anajua kwamba ameibiwa. Mimi nimezeeka bila kujua kama niliibiwa au niliota nimeibiwa.

Nyumba ya shangazi ilikuwa Cheyo, hapohapo mjini Tabora, na ilinuka nta kuanzia mlangoni. Alikuwa akipokea asali ya warina asali wa Sikonge na kuiuza mjini, kwa hiyo sebuleni kulikuwa na madebe ukutani, na nyuki waliopotea wakizunguka juu yake hata wakati wa kula. Warina asali walifika na baiskeli zilizofungwa mizigo kila upande, vumbi hadi kwenye kope. Walivua viatu, wakanawa, wakakaa kwenye mkeka, wakasubiri ugali. Mji wetu umewazoea watu hao tangu enzi za wapagazi: watu wanaofika wamechoka na mzigo, wanaotaka maji, chakula na mahali pa kunyoosha miguu. Shangazi aliwalisha vizuri, hilo nitamkubalia. Kulikuwa na nsansa, yale majani ya kunde yaliyokaushwa, akiyapika kwa karanga nyingi mpaka mafuta yakaelea juu, na msimu wa mvua kulikuwa na uyoga wa porini ambao sijaonja mfano wake tangu niondoke. Chumba changu kilipakana na sebule, na ukuta haukufika kwenye bati. Maneno ya wageni yaliniingilia bila hodi: mizinga iliyohamwa, mke aliyenuna, tumbaku iliyoungua banini ilipokuwa ikikaushwa, mtoto aliyepelekwa Kipalapala asomee upadri kisha akakataa. Nililala na kuamka nikiwa nimejaa habari za watu nisiowajua.

Usingizi wenyewe ulikuwa umeanza mwaka uliotangulia. Sizungumzii kusinzia kwa mtu aliyeshiba. Nilikuwa naandika hesabu ubaoni, chaki mkononi, na ghafla niko kwenye shamba la mtama nafukuza ndege. Nikizinduka nakuta mkono umeendelea kuandika, na katikati ya fomula kuna neno "mbuzi". Darasa zima lilicheka isipokuwa Mwalimu Zuhura. Yeye alikuwa mwalimu wetu wa hisabati, binti wa familia ya Waarabu wenye duka la vitambaa mjini, mwembamba, mtandio begani, asiye na haraka. Aliniambia mbele ya wote, "Apolonia, futa mbuzi wako, kisha umalizie, maana ulikuwa unaelekea kwenye jibu." Siku nyingine akaniambia peke yangu, tukifunga madirisha ya darasa, "Wewe utakuja kulifundisha somo hili. Usinibishie." Sikumbishia. Kuanzia siku ile nilijua ninachokitaka, na sikuwahi kutaka kitu kingine kwa nguvu ile.

Kulikuwa na jambo la pili, nalo lilikuwa la ajabu zaidi. Nikicheka, magoti yalilegea. Nikicheka sana, nilianguka chini mzimamzima, macho wazi, nasikia kila kitu, siwezi kuinua hata kidole, kisha baada ya muda kidogo nainuka na kupangusa sketi. Wenzangu waliligeuza mchezo. Wakati wa mapumziko walinizunguka wakanichekesha ili wanione nikikunjika. Shangazi aliniona mara moja uani, nimeanguka kando ya kinu, na hakucheka. "Binti mkubwa unaangukaanguka hivyo, watu watasema una mimba au una pepo. Acha kucheka." Nikaacha. Ni kazi inayowezekana ukiifanya kila siku: unajifunza kuyaona maneno ya kuchekesha kabla hayajafika na kufikiria kitu kingine. Watu wa Morogoro wananiita Mama Ndimu kwa uso wangu huu. Hawajui kwamba nimeufanyia mazoezi.

Mkuu wa shule ndiye aliyesema malale. Kwingine ningeitwa mvivu basi, lakini kwetu, kwa watu waliokua wakipunga mbung'o usoni, mtu akisinzia mchana neno la kwanza mdomoni ni hilo. Akamuuliza shangazi, "Huyu likizo anakwenda wapi?" Shangazi akasema Sikonge, kwa baba yake, porini. "Basi ni malale hayo, mama. Mtibuni kwanza, asije akafia darasani." Nikapelekwa hospitali. Walinitoboa vidole, wakanikunja ubavuni magoti yakigusa kidevu, wakaniingiza sindano mgongoni kuchukua maji ya uti. Niliogopa kufa, na ndani ya woga ule nililala palepale mezani na kuota kwamba sindano ni mwiba wa mgunga. Majibu yalipotoka daktari aliyafurahia kweli, alikuwa mtu mwema. "Hana mdudu yeyote. Mtoto wako mzima kabisa, mama." Sijasikia tena neno zuri lililonidhuru namna hiyo. Laiti ningekuwa na malale, wangenipa dawa na kunirudisha shule.

Kwa kuwa nilikuwa mzima, ilibaki kuamuliwa nina nini. Iliamuliwa uani, shangazi na jirani yetu Mama Siwema wakimenya karanga, mimi nikiwa nimelala, kwa mawazo yao, kwenye kivuli cha jiko. "Kama si ugonjwa, ni uvivu," alisema Mama Siwema. "Uvivu gani, dada, mtu analala huku kashika mwiko? Mvivu huchagua pa kulala." Wakaendelea kumenya. Kisha shangazi akasema, "Bibi yetu mzaa baba alikuwa hivi hivi. Walikuwa wanamwendea watu kutoka mbali." Mama Siwema akaacha kumenya. "Unasema anaitwa na mizimu?" "Sisemi. Nasema tu bibi alikuwa hivi." Shangazi hakukosa misa ya Jumapili hata siku moja, lakini hakuona sababu ya kuwanyima wazee wa ukoo nafasi yao. Nililala pale nikisikia karanga zinavyodondoka kwenye ungo, na sikuelewa kwamba ndiyo shule inaondoka.

Uthibitisho waliupata kwa mrina asali mmoja aitwaye Mzee Mihayo, mtu mrefu aliyekuwa na alama za nyuki mashavuni. Mchana huo alikula akimlalamikia shangazi: mizinga yake upande mmoja wa mto imehamwa, mto wenyewe umekauka mapema, nyuki wamekwenda wapi hajui. Nilikuwa nawatilia maji ya kunawa. Usingizi ukanichukua nimeshika birika, nikaketi taratibu chini, na ninakumbuka ndoto yenyewe: nyuki wanavuka mto mkavu kwa miguu, wamejipanga, kila mmoja na kifurushi kichwani. Nilisema kwa sauti, "Wamevuka." Mzee Mihayo akaacha tonge hewani. "Kina nani wamevuka, mwanangu?" "Nyuki," nikasema, "wako ng'ambo." Baada ya muda akarudi na debe ambalo hakuliuza, akaliweka mbele yangu, akapiga magoti yeye mzee mbele ya mtoto. Aliwakuta ng'ambo. Bila shaka aliwakuta ng'ambo! Upande wa huku hakukuwa na maji, wangekwenda wapi? Yeye mwenyewe alikuwa ametoka kusema yote, tonge kwa tonge, na mimi nilimrudishia maneno yake yakiwa yamebeba vifurushi.

Basi ikawa kazi. Mkeka wangu ulihamishwa kutoka chumbani ukawekwa sebuleni, chini ya picha ya Bikira Maria, mahali ambapo mgeni akiingia ananiona. Mchana ndiyo ulikuwa wakati wangu, na shangazi aliulinda: ugali mzito, mboga ya karanga, kisha "jilaze, mama." Wageni walikaa na kula karibu yangu. Shangazi aliwaelekeza, nilikuwa namsikia: "Semeni shida yenu hapahapa, polepole, msifiche kitu. Moyo wake unasikia." Wakasema, nami nikasikia, si kwa moyo bali kwa masikio, nikiwa nusu huku nusu kule, na maneno yao yakaingia moja kwa moja ndotoni. Nikijitikisa kidogo, mtu akitaka kunigusa, shangazi alisema, "Msimwamshe. Anaonyeshwa." Nilipoamka niliulizwa nimeona nini, nami nilisema ukweli, maana ndoto zangu zilikuwa kali kuliko mchana wenyewe, na sikujua kuzibana. Walikuja wakulima wa tumbaku, mama aliyepotelewa na kijana, mwalimu wa dini wa Kimoravian aliyejifunika kofia asijulikane. Hawakuja mikono mitupu. Jogoo walifungwa miguu kwenye nguzo ya jiko, na nyumba ikapata mabati mapya. Niliposema nataka kurudi shule, shangazi hakukasirika, na hilo ndilo lililonichosha. Alinishika shavu akasema, "Shule wamekufukuza wao, mwanangu, si mimi. Hapa nani amekufukuza?"

Nilikuwa nimeshavuka hamsini nilipokutana na daktari mmoja kijana, mwanamke, wa mambo ya ubongo na mishipa ya fahamu. Nilikwenda hospitali kwa ajili ya goti nililoumiza kwa kuanguka, nikaelekezwa kwake, akanisikiliza, akaweka kalamu chini, akauliza, "Mama, huwa unaanguka ukicheka?" Maisha yangu yote hakuna aliyeniuliza. Nililia mbele ya mtoto yule mpaka akafunga mlango. Alinieleza kwa Kiswahili chepesi. Usingizi uko wa aina zaidi ya moja, alisema, na upo ule wa ndoto, ambao mwili hulegezwa kwa makusudi ili usiinuke ukapigana na chui uliyemwota. Kwa watu wengi usingizi huo huja kwa zamu yake, ndani kabisa ya usiku. Kwangu hauna zamu. Kitu fulani ndani ya ubongo, ambacho kazi yake ni kumshikilia mtu macho, kimekwisha, kwa hiyo ndoto zinaingia saa yoyote, na ule ulegevu wake unaingia hata nikiwa macho, nikicheka au nikishtuka. Ndiyo maana pia kuna nyakati ninaamka akili nzima na mwili bado umefungwa. Watu huita kukabwa na jinamizi. Ugonjwa wenyewe unaitwa narkolepsia. "Si wito, si uvivu," alisema, "na wala si malale." Nikamuuliza kama mtu mwenye ugonjwa huo anaweza kuwa mwalimu. Akadhani nauliza kwa ajili ya mtoto wangu. "Anaweza, mama, akipangiwa muda wa kujilaza kidogo na dawa kidogo. Kwa nini asiweze?"

Sasa ile alasiri. Lakini kwanza lazima niseme habari ya pasi, maana bila hiyo mtu ataniona mjinga. Katika miezi ile ndoto zilikuwa zimeanza kuchanganyika na siku. Niliota Mama Siwema ameniazima pasi yake ya mkaa, na ndoto haikuwa na kitu cha ajabu ndani yake. Alikuwa amevaa kanga yake ileile, akanionya nisimwage majivu. Kesho yake nikaitafuta nyumba nzima nimrudishie, nikaikosa, nikaenda kwake nikilia kwamba nimeipoteza. Pasi ilikuwa kwake, juu ya kabati, haijawahi kutoka. Mtaa mzima ulicheka, mimi pekee sikuthubutu. Baada ya hapo kila kitu nilichokikumbuka nilikipitia mara mbili: je, hiki kilitokea?

Ilikuwa kipindi ambacho wenzangu walikuwa wanaandikishwa kwa ajili ya mtihani. Niliwaona barabarani na sare, nikarudi ndani. Nililala mkekani baada ya chakula, hakuna mgeni, shangazi yuko mlangoni anapepeta mchele. Niliamka, na mwili haukuamka. Nilikuwa nimelala chali, macho nusu wazi, naona mabati mapya na nyuki mmoja anayagongagonga. Nikasikia hodi. Nikaijua sauti kabla haijamaliza neno.

"Karibu, mwalimu," alisema shangazi. Ungo ukawekwa chini. Akatoa kiti nje, barazani, hakumkaribisha ndani. Nilisikia kikombe, nikasikia akimwekea matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kuanikwa, na Mwalimu Zuhura akakohoa, maana matobolwa humkaba asiyeyazoea. Kisha akasema, "Nimemfuata Apolonia. Nimezungumza na mkuu wa shule, amekubali. Aje tu tumwandikishe. Nitamweka mbele, akilala nitamwacha alale, akiamka aendelee." Shangazi akasema kitu sikukisikia. Mwalimu akasema, "Mama, yule hata akilala nusu ya mtihani, nusu iliyobaki atawashinda wenzake."

Nilijaribu kuita. Sijui jinsi ya kumweleza mtu ambaye hajapata kukabwa. Jina lake lilikuwa limejaa kinywani, na kinywa hakikuwa changu. Nilijaribu kusogeza kidole, kidole kimoja tu, kigonge debe lililokuwa karibu. Nilikuwa macho. Nilisikia kila neno. Nikamsikia shangazi akisema, kwa sauti ya huzuni ya mtu anayezungumzia harusi ya mapema, "Umechelewa, mwalimu wangu. Apolonia hayupo. Amerudi Sikonge kwa baba yake, wamemwoza." Nyuki akagonga bati. Mwalimu Zuhura akasema, "Wamemwoza?" kisha kiti kikakwaruza sakafu, akaaga, akaondoka. Viatu vyake nilivisikia mpaka kwenye kona ya nyumba ya Mama Siwema.

Mwili uliponifunguka nilikimbia nje. Barazani hakukuwa na kiti wala kikombe. Shangazi alikuwa anapepeta mchele. "Mwalimu alikuja," nikasema. Hakuinua uso. "Mwalimu gani?" "Mwalimu Zuhura. Alikaa hapa. Alikuja kunichukua nikaandikishwe." Akaweka ungo, akanitazama kwa upole ambao mpaka leo sijausahau. "Umeota, mwanangu. Hakuna aliyekuja. Ni ile hamu yako ya shule inakutesa." Nikasema nimemsikia akikohoa. "Na pasi ya Mama Siwema je? Si uliishika mkononi?" Katika nyumba ile kila ndoto yangu ilikuwa kweli. Watu walifunga safari kwa sababu ya ndoto zangu, walihamisha mizinga, walivunja uchumba. Neno moja tu niliambiwa nimeota, na ndilo hilo.

Ningeweza kwenda shuleni kuuliza. Nimelirudia hilo mara nyingi kuliko rozari. Lakini nilikuwa msichana aliyelilia pasi ambayo hakuazimwa, na niliogopa kusimama mbele ya darasa nikisema mwalimu alinifuata, naye aseme hakuja. Nilipopata ujasiri, nikaambiwa Mwalimu Zuhura amehamia Ujiji kumfuata mumewe. Wenzangu wakafanya mtihani. Mimi nikaacha kuwaambia wageni nilichoona. "Sijaona kitu," nilisema kila nilipoamka, mpaka wakaacha kuja, na shangazi akagundua upya kwamba mimi ni mvivu. Nikaondoka kwa treni kwenda kutafuta kazi, nikaipata Morogoro, jikoni kwenye chuo cha ualimu. Ndiyo, ualimu. Miaka yote ile nimewapikia maharage watu wanaojifunza kusimama mbele ya darasa, na wakati wa kuosha masufuria nilikuwa nikiwasikia dirishani wakikosea hesabu.

Basi nikafika msibani. Jeneza lilikuwa sebuleni, chini ya picha ya Bikira, mahali palepale pa mkeka wangu. Mabati ni yaleyale, yamepata kutu. Wanawake walikuwa wamekaa chini kuzunguka chumba, na mmoja aliyenitambua akamnong'oneza jirani yake, si kwa siri sana, "Huyo ndiye yule aliyekuwa anaonyeshwa." Stefano akanikumbatia, akasema mama alinitaja sana siku za mwisho. Sikuuliza alinitaja kwa lipi. Kwenye kiti cha plastiki karibu na mlango alikaa bibi mmoja mwembamba, fimbo magotini, mtandio kichwani. Nilimsalimia kama ninavyomsalimia mkubwa yeyote, "Shikamoo, bibi," naye akaitikia, "Marahaba, mwanangu. Wewe ni nani kwa marehemu?" Sauti ileile, isiyo na haraka. Nikashika mguu wa kiti.

"Mimi ni Apolonia, mwalimu."

Aliinua uso. "Apolonia wa mbuzi?" Akacheka kidogo, kisha akaacha. Akasema amerudi Tabora tangu mumewe afariki, na amekuja kwa sababu ya ujirani tu, marehemu hakumfahamu sana. "Nilifika nyumba hii mara moja katika maisha yangu. Nilikuja kukufuata wewe." Akanyoosha fimbo kuelekea barazani. "Nilikaa pale. Akanipa matobolwa yakanikaba, nusura nife. Nikamwambia hata ulale nusu ya mtihani utawashinda. Akaniambia wamekuoza." Akanishika mkono, akautazama kama mtu anayetafuta pete. "Ulipata watoto wangapi, mwanangu?"

Nilijua kinachokuja, na nilijitahidi. Nilifikiria masufuria, nilifikiria basi, nilifikiria kila kitu ninachokitumia kuzuia. Lakini kilichopanda kilikuwa kicheko, Mungu anisamehe, kicheko cha mtu aliyeambiwa baada ya miaka yote hiyo kwamba hakuwa mwendawazimu, na kilitoka kikubwa mbele ya maiti. Magoti yakakunjika. Nilianguka kando ya jeneza, shavu kwenye sakafu, mkono mmoja umegusa mbao. Wanawake wakapiga yowe. Nikasikia kanga zikinipepea. "Maskini, alimpenda shangazi yake!" "Si ndiye aliyemlea?" "Mwacheni uchungu umtoke." Na mmoja wao, mzee, akasema kwa sauti ya chini, "Msimwamshe. Huenda marehemu anampa neno." Wakanyamaza wote. Hata mtoto aliyekuwa akilia nje alinyamazishwa. Nililala pale nikisikia chumba kizima kinanisubiri.

Kinywa kiliporudi kuwa changu nilisema neno lilelile nililolisema mara ya kwanza, kwa sababu sikuwa na jingine.

"Mwalimu alikuja."

Stefano akapiga goti kando yangu, akanipangusa uso kwa kiganja. "Pole, dada. Safari imekuchosha. Umeota tu."

Mwalimu Zuhura akasimama. Ilimchukua muda, kwa fimbo, na hakuna aliyemsaidia kwa sababu wote walikuwa wananitazama mimi. "Hakuota," akasema. "Nilikuja."

Watu wakamtazama yeye, kisha wakatazama jeneza. Wakaingia vijana wa kubeba, tukasogezwa ukutani kuwapisha njia.